Mtihani Ni Mmoja, Maabara Si Moja



Wengi wetu tukisikia matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, twauliza neno moja tu: mtoto amepata gredi gani? Tukijibiwa C+ au zaidi, twamshukuru Mungu, twawaarifu majirani, na twaanza kutafuta sanduku la mtoto wa kwenda Chuo Kikuu. Twaandika ukurasa huu kwa sababu swali hilo ni nusu ya maswali. Nusu ya pili, ambayo ndiyo humwingiza mtoto katika uhandisi au humfungia nje, ni hii: amefanya masomo gani, na katika kila somo amepata nini? Swali hilo halingoji siku ya mtihani. Lilikwisha kujibiwa miaka miwili kabla, siku mtoto alipochagua masomo ya kuendelea nayo, na mara nyingi siku hiyo baba yuko zamu na mama yuko sokoni.

Tueleze kwanza kazi inavyokwenda, maana watu wengi hawajaelezwa. Kila gredi ina alama zake. A ni 12, A- ni 11, na kushuka hivyo hivyo mpaka E, ambayo ni 1. Masomo saba huhesabiwa, na jumla kamili ni 84. Mtoto mwenye 46 amepata C+, na C+ ndiyo lango la shahada ya Chuo Kikuu. Lakini lango hilo ni la kuingia uani tu. Uani mna vyumba, na kila chumba kina ufunguo wake. KUCCPS, ambalo ni shirika la serikali la kugawa nafasi za vyuo, lililowekwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, hutazama masomo manne yanayohusu kozi ile mtoto anayoitaka. Masomo manne, alama 12 kila moja, jumla 48. Zile za 48 na zile za 84 huchanganywa kwa hesabu, ndipo watoto wanapopangwa mstari, wa kwanza mpaka wa mwisho, na nafasi zikijaa zimejaa.

Tena kuna kiasi cha chini katika kila somo. Uhandisi hutaka Hisabati, Fizikia na Kemia. Udaktari hutaka Biolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia. Sheria hutaka B kamili ya Kiingereza au ya Kiswahili. Basi chukua watoto wawili wa mtaa mmoja, wote wamepata alama 63, yaani B. Mmoja alifanya Fizikia akapata B. Wa pili hakufanya Fizikia kabisa, akafanya Dini akapata A. Gredi yao ya jumla ni ile ile, na majirani watawapongeza sawasawa. Lakini yule wa pili hawezi kuwa mhandisi, hata angepata 80. Hakushindwa somo, ila hakuwahi kulikaribia.

Na kwa nini hakulikaribia? Hapa ndipo sisi wafanya kazi tunapopaswa kufungua macho.

Ndugu mmoja wetu, dereva wa mashine ya kuinulia mizigo, alileta ofisini karatasi ya matokeo ya binti yake. B safi. Hisabati B+. Kemia B. Msichana alitaka uhandisi wa umeme tangu alipokuwa mdogo akimwona baba yake akitengeneza pasi za majirani. Fizikia hakuna kwenye karatasi. Tulipouliza, tukaambiwa ya kwamba katika shule ile ya kutwa mwalimu wa Fizikia alihamishwa mtoto alipokuwa kidato cha pili, wala hakuletwa mwingine. Darasa zima likaambiwa lichague Biolojia na Kemia. Hakuna aliyeandika barua kwa wazazi. Hakuna aliyesema, "Kuanzia leo mabinti zenu hawatakuwa wahandisi." Mlango ulifungwa kimya kimya kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyehamishwa, na baba akajua miaka miwili baadaye, katika simu ya mkononi ya mtu mwingine.

Hatulaumu shule ile peke yake, maana ziko nyingi za namna ile. Wala mwalimu mkuu hawezi kuumba mwalimu wa Fizikia kwa udongo.

Sasa mtazame mtihani wenyewe. Fizikia, Kemia na Biolojia kila moja ina karatasi tatu. Mbili ni za kuandika, alama 80 kila moja. Ya tatu ni ya vitendo, alama 40. Maana yake ni kwamba sehemu moja katika tano ya somo hupimwa kwa mikono, juu ya meza ya maabara, kwa asidi na bomba la kioo, kwa nyaya na betri, kwa hadubini. Sisi twaliunga mkono jambo hilo, tena kwa moyo. Mfanya kazi ajua kwamba aliyesoma juu ya kulehemu siye aliyelehemu. Lakini mtu wa karakana aulize: hapa kwetu fundi akienda kufanya mtihani wa serikali wa ufundi, ule wa Gredi ya 3, ya 2 na ya 1, je, huonyeshwa mashine mara ya kwanza siku ile ya mtihani? Nani angekubali? Tungegoma siku hiyo hiyo. Lakini wako watoto wetu wanaoshika lile bomba la kioo mara mbili tatu kwa mwaka, kumi kwa bomba moja, wanne wakishika na sita wakichungulia mabegani. Mwezi wa Novemba wanakaa mtihani mmoja na mtoto ambaye shule yake ina maabara tatu, na mtu wa kuajiriwa wa kuziangalia, na mazoezi kila juma. Saa ni zile zile, na karatasi ni ile ile. Kisha matokeo husomwa kana kwamba wote wawili walianza mbio mahali pamoja.

Wazee wetu wa pensheni watasema jambo hili si jipya, na ni kweli. Wao walikuwa na cheti cha Cambridge, kisha cha Afrika Mashariki, kisha KCE, na wachache walipanda kidato cha tano na cha sita wakafanya KACE. Nafasi zilikuwa chache mno, nasi hatutaki zirudi siku zile. Lakini ulikuwapo wasaa. Kijana alipimwa kidato cha nne, akajua nguvu yake iko wapi, kisha akashika masomo machache makubwa kwa miaka miwili, akapimwa tena kwa ajili ya Chuo Kikuu. Mpango wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ngazi ile iliondolewa. Mwaka 1989 KACE ilifanywa mara ya mwisho, na mwaka huo huo KCSE ikafanywa mara ya kwanza. Tangu hapo mtihani mmoja umebebeshwa mizigo miwili: kuonyesha kwamba mtoto amemaliza sekondari, na kuchagua nani awe daktari na nani asiwe. Punda mmoja, magunia ya punda wawili.

Mwaka 2023 serikali ililegeza hesabu ya gredi ya jumla. Zamani Kiingereza, Kiswahili na Hisabati zote zilikuwa lazima katika hesabu. Sasa ni Hisabati, lugha moja, na masomo matano mengine ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Waliopata C+ na zaidi mwaka ule walikuwa 201,133, na mwaka 2024 wakawa 246,391. Tulifurahi, maana wengi wao ni watoto wa watu kama sisi. Lakini mwanachama asidanganyike. Mageuzi hayo yalipanua lango la uani. Vile vyumba vya ndani, yale masomo manne ya kozi, vimebaki na funguo zao. Tena watoto wakizidi kuwa wengi langoni, msukumano mbele ya vyumba huzidi.

Wako watu, na wengine ni watu wa elimu kubwa, wanaosema dawa ni kuufuta mtihani wa masomo, vyuo vichague kwa njia nyingine. Hapo sisi twapinga, na tutaeleza kwa nini.

Njia nyingine twaijua. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango wa wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Mtoto ambaye alama zake za masomo hazikumfikisha kwenye udaktari au sheria kwa gharama ya serikali, aliweza kufika huko huko kwa pesa ya baba yake, maadamu ana kile kiasi cha chini. Watoto wetu wenye alama za juu kuliko zake walibaki nyumbani au wakapelekwa kozi ambazo hawakuziomba. Hatuwalaumu waliolipa, kila mzazi humtafutia mwanawe. Lakini tuliona kwa macho yetu ya kwamba mtihani ukisogezwa kando, pesa haikawii kukaa pale ulipokuwa. Na kama si pesa, basi ni barua ya mjomba mwenye cheo. Mtoto wa mfagiaji hana mjomba wa namna hiyo. Ana namba ya mtihani tu, na msahihishaji haijui sura yake wala kabila lake.

Hata huko Marekani jambo hili limetokea. Bodi yao ya vyuo, College Board, iliyoanzishwa mwaka 1900, iliendesha mitihani yake ya kwanza mwaka 1901 katika masomo 9, na waliofanya hawakufika 1,000. Shabaha ilikuwa vyuo vipime watoto wote kwa kipimo kimoja badala ya kila chuo kuwa na mtihani wake. Mitihani hiyo ya masomo ilibadilika mara nyingi, mwisho ikaitwa SAT Subject Tests, na Januari 2021 bodi ikatangaza kuifuta. Walisema mzigo kwa wanafunzi upungue, tena mitihani mingine yao, ile ya AP, imeenea vya kutosha. Lakini AP ni mtihani unaofuata somo linalofundishwa shuleni mwaka mzima. Shule za mitaa ya wenye nacho zina masomo mengi ya AP; shule za maskini na za mashambani zina machache. Basi mtihani mmoja ulifutwa, na lile swali letu likabaki pale pale: shule ya mtoto ina nini?

Twautaka mtihani, ila twautaka uwe safi. Msisahau ya mwaka 2015, karatasi zilipokuwa zikiuzwa na kutumwa kwa simu. Mwaka ule A zilikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 Waziri Fred Matiang'i akaivunja halmashauri ya Baraza la Mitihani, ulinzi wa karatasi ukakazwa, na A zikawa 141. Watu walilia. Wengine walisema watoto wameonewa. Sisi twauliza: zile A nyingine zilikuwa za nani? Karatasi ya wizi ina bei, na mwenye mshahara wa siku hainunui. Kila A ya wizi iliyokaa katika mstari wa udaktari ilimsogeza nyuma mtoto mmoja aliyesoma kwa taa ya mafuta.

Basi twataka nini? Shule yo yote inayoandikisha watoto kwa mtihani wa somo la sayansi iwe na mwalimu wa somo lile na maabara yenye vifaa, na serikali ihakikishe hivyo kabla ya kupokea majina. Maneno hayo yaonekana makubwa, lakini ndiyo sheria tunayoijua kazini: mwenye kazi hawezi kumwajiri mtu wa kulehemu na kumnyima kinga ya macho.

Tutaambiwa hakuna fedha. Serikali yenyewe iliweka shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Fedha hizo zimekuwa zikifika kwa mafungu, tena kwa kuchelewa, na mwaka 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu kiasi hicho; kinachotolewa ni kama 16,900. Mwalimu mkuu akipungukiwa hivyo hukata wapi? Hawezi kukata maji, wala umeme, wala posho ya mlinzi. Hukata asidi. Hukata mabomba ya kioo yaliyovunjika muhula uliopita. Mzazi hataona kitu, maana maabara iliyofungwa kwa kufuli haipigi kelele kama jiko lisilo na unga. (Mambo ya karo za vyuo na mikopo tutayaandikia siku nyingine, yana ukurasa wake, tena mrefu.)

Lipo jambo la haraka zaidi. KCSE ya mpango wa 8-4-4 itafanywa mara ya mwisho mwaka 2027. Watoto wa mpango mpya, kundi lao la kwanza ni lile la Gredi ya 10 mwaka 2026, na huko sekondari ya juu mtoto huwekwa katika njia moja kati ya tatu: sayansi na ufundi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Huchukua masomo ya lazima, na matatu ya kuchagua. Hisabati nayo ni ya namna mbili, moja kamili kwa wale wa sayansi, na nyingine nyepesi kwa njia nyinginezo. Mtazame wakati ulivyosogea. Uamuzi uliokuwa ukifanywa katika kidato cha pili sasa hufanywa mtoto akiwa Gredi ya 9, ana miaka 14 au 15, wala hajaingia bado katika shule atakayoyasoma masomo hayo. Anachagua njia, na anachagua shule, na orodha ya masomo ya shule ile anaiona katika karatasi au katika simu. Karatasi haiwezi kuonyesha kama mwalimu yupo.

Mtoto wa mwenye nacho atapelekwa na baba yake kwa gari kuiona maabara. Wa kwetu atachagua kwa kusikia jina la shule, au kwa kufuata rafiki, au kwa hofu ya Hisabati ambayo hakupata mtu wa kumwondolea. Kisha miaka mitatu baadaye ataambiwa Hisabati yake ni ile nyepesi, kozi aliyoiomba haiitaki.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekata shauri mambo mawili. La kwanza, katika mapatano yatakayofuata na wenye kazi tutadai kila mzazi apewe nusu siku ya ruhusa yenye malipo, isiyokatwa katika livu yake, kwenda shuleni wakati wa kuchagua masomo. Wenye kazi watacheka. Walicheka pia tulipodai ruhusa ya mazishi. Wao wenyewe hulalamika kila mwaka kwamba hawapati mafundi na wahandisi vijana. Basi watusaidie kuwapata, kwa kumwachilia baba kutoka saa mbili mpaka saa sita.

La pili latuhusu sisi kwa sisi. Wawakilishi wa kila idara watakusanya majina ya shule wanazosoma watoto wa wanachama, na kwa kila shule wataandika kama ina mwalimu wa Fizikia, wa Kemia, wa Biolojia na wa Hisabati, kama maabara inatumika au imegeuzwa ghala la madawati, na kama Hisabati kamili inafundishwa. Usiandike la kusikia; nenda ukatazame, au umwulize mtoto aliyemo, maana watoto hawajui kuficha mambo haya. Orodha ikitimia tutaipeleka kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na nakala kwa mbunge, ambaye fedha za maendeleo ya jimbo zimejenga vyumba vingi vya madarasa na kuvipaka rangi nzuri, ila maabara ni chache tulizoziona.

Mwanachama mwenye mtoto wa Gredi ya 9, au wa kidato ambaye bado yumo katika mpango wa zamani, aje ofisi ya tawi siku ya Jumamosi baada ya saa nane mchana. Alete karatasi ya masomo ya mtoto, na akiweza amlete mtoto mwenyewe. Wako ndugu wawili wanaojua hesabu ya zile alama 48 na 84, na watakaa mpaka magharibi. Hakuna malipo. Wa zamu ya usiku waje kwanza, wapate kulala.